Karani Anajua

Mwenyekiti Usiyelala, Morogoro,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ulimwambia karani aiweke juu ya lundo fomu ya mkopo ya mdogo wako, ikawaruka wanachama kumi na mmoja, na kamati ya mikopo ikaipitisha bila swali. Huu mwezi wa tano mdogo wako analeta rejesho kwa wakati. Halafu unauliza: hasara iko wapi?

Sikupi ile ya samaki kuanza kuoza kichwani. Umeshaisikia kwenye semina za viongozi wa Saccos, na posho ukapokea. Mimi nataka tumzungumzie karani. Unaandika kwamba wiki iliyopita alichelewesha fedha kwenda benki, ukamwita umkaripie, ukajikuta unamwuliza watoto hawajambo. Dada yangu, hasara ndiyo hiyo.

Naijua. Niliwahi kuwa mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwetu. Ijumaa moja nilichukua elfu arobaini kwenye kopo, Jumapili nikazirudisha. Daftari halikuonyesha kitu. Ila mke wangu alinikuta nazihesabu noti, na tangu hapo kila nikimdai mtu mchango sauti inakauka, namwambia “ukipata.” Chama hakikupoteza hata senti kwa wizi. Kilikufa kwa “ukipata.”

Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza. Wengi wetu hukumbuka hapo tu. Lakini vijana wale walikuwa wameigusa pia mishahara minono ya wakubwa, na hilo halikumpita: alijikata mshahara wake kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakapunguziwa. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha na miiko yake: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Siasa yake ya uchumi bishana nayo, hata mimi hubishana nayo. Ila Mwalimu angemwambiaje mtu auze nyumba ya kupangisha kama hakuanza na mfuko wake? Miiko ilipolegezwa kwenye kikao cha Zanzibar mwaka 1991, ndipo ikajulikana nani aliishi hivyo kwa moyo na nani alikuwa anavumilia tu.

Sasa wewe usingoje mkaguzi. Kikao kijacho cha bodi, kabla ya ajenda ya mikopo, sema mwenyewe. Taja fomu, taja kwamba ni mdogo wako, omba iandikwe kwenye muhtasari. Usiongeze kwamba analipa vizuri, haihusu. Kisha pendekeza kwamba ndugu wa mjumbe akiomba mkopo, mjumbe atoke nje. Kunyamaza kitini hakutoshi, maana hata kikohozi cha mwenyekiti kinapiga kura. Huenda wakakuondoa. Wana haki hiyo, na wale kumi na mmoja zaidi. Yupo kati yao aliyekuwa anasubiri ada ya mtoto.

Lakini anza na karani, asije akayasikia kwa wajumbe. Mwambie ulimkosea, kwa kumbebesha jambo ambalo hakuwa na nafasi ya kulikataa. Mwache aseme lake. Akimaliza, mwulize kwa nini fedha zilichelewa benki.