SOMO: UMEME UNAOLIWA TELEVISHENI IKIWA IMELALA



Katika kambi nyingi za mashamba vyumba viwili au vitatu vinatumia mita moja, na yuniti zikiisha mapema lawama humwangukia jirani. Kabla ya kugombana, tupige hesabu.

Yuniti moja ni wati 1000 zikitumika kwa saa moja. Televisheni ukiizima kwa rimoti haikuzimika, imelala tu. Ndani kuna kifaa kidogo kinachokesha kungoja rimoti, na ile taa nyekundu ndiyo dalili yake. Zamani televisheni nyingine zilikula hata wati 10 zikiwa zimelala. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ilikataza kuzidi wati 1 kuanzia mwaka 2010, na nusu wati kuanzia 2011. Wenye viwanda walilazimishwa, ndipo wakaweza! Televisheni inayokula nusu wati, ikilala saa 20 kwa siku, huchukua siku 100 kumaliza yuniti moja.

Mlaji hasa ni dikoda. Hata ukiizima kwa rimoti, dikoda nyingi hubaki macho kabisa ndani, zikipokea mawimbi. Yenye kula wati 10, kwa saa 20 kila siku, humaliza yuniti moja kwa siku tano, yaani yuniti 73 kwa mwaka, bila mtu kutazama chochote. Chomoa plagi, au zima swichi ya ukutani.

Asiyeamini apatane na majirani wazime vyote isipokuwa dikoda hiyo iliyolala. Mita ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, taa yake itamweka mara moja kila dakika sita kama dikoda inakula wati 10.

Sasa wauzaji wanatusifia vioo vya 4K. Maana yake ni nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8, mara nne ya zile za 1920 kwa 1080. Lakini filamu ya DVD haina nukta hizo. Televisheni hujaza pengo kwa kubahatisha. Tena kioo cha inchi 32 chenye nukta 1366 kwa 768, ukikaa mita mbili, jicho la kawaida haliwezi kuzitenganisha nukta zake. Unanunua usichokiona, na nukta zikisongamana hivyo taa ya nyuma ya kioo hulazimika kuwaka zaidi. Dukani geuza televisheni, usome wati kwenye kibandiko. Kati ya wati 50 na wati 120, kwa saa tano kila siku, tofauti ni yuniti moja kila siku tatu.