MUHASABA WA DARASA: SOMO KUTOKA MWAKA WETU WA MWISHO WA THANAWI

 

 

Kila mwaka darasa linalomaliza Thanawi hupewa nafasi katika jarida hili ili liwaage wenzao. Waliotutangulia waliandika shukrani na kumbukumbu, nasi tulitaka kufanya hivyo hivyo. Lakini Ustadhi wetu alitutaka tuandike somo. Alituambia tuandike kile tulichojifunza ambacho hakikuwamo kwenye karatasi ya mtihani. Tulikaa siku mbili tukishauriana, na wote tukakubaliana kwamba somo hilo ni moja tu, nalo ni muhasaba.

MAANA YA MUHASABA

Muhasaba ni neno la Kiarabu lililotokana na hesabu. Maana yake ni mtu kuihesabu nafsi yake: nimefanya nini, nimeacha nini, na kwa nini. Katika Sura al-Hashr (59), aya ya 18, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini kila mmoja aangalie alichokitanguliza kwa ajili ya kesho yake. Wanazuoni wengi wameitumia aya hiyo kuwa msingi wa somo hili.

Huko Baghdad aliishi mwanazuoni aliyefariki mwaka 243 Hijria (857), Harith al-Muhasibi, ambaye alipewa jina hilo kwa sababu ya kushughulika sana na kuihesabu nafsi. Baada yake akaja Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Kitabu chake kikubwa, Ihyaa Ulumid-Din, kina vitabu 40 ndani yake, na kimoja amekiweka maalumu kwa somo hili. Humo amemfananisha mtu na mfanyabiashara mwenye mshirika. Mfanyabiashara humwekea mshirika wake masharti, humwangalia akifanya kazi, kisha hukaa naye wakafanya hesabu. Mshirika huyo ni nafsi yako.

Imamu al-Ghazali ameipanga kazi hiyo katika hatua sita:
1. Musharata: kuiwekea nafsi masharti.
2. Murakaba: kuichunga wakati wa kazi.
3. Muhasaba: kuihesabu baada ya kazi.
4. Muakaba: kuitia adabu inapokosa.
5. Mujahada: kuishughulisha kwa juhudi.
6. Muataba: kuilaumu na kuikumbusha.

Tulizisoma hatua hizi katika mwezi wa kwanza wa masomo, tukaziandika kwenye madaftari na tukazijibu kwenye jaribio. Tulidhani tumezijua.

TULIVYOANZA MWAKA

Darasa letu lilianza Mfungo Mosi 1445, yaani Aprili 2024. Baadhi yetu tunatoka hapa mjini, Magomeni, Chikongola na Ufukoni, na wengine Mikindani na Naliendele. Wapo waliotoka Msimbati na vijiji vya upande wa mto Ruvuma, na hao hukaa kwa ndugu zao mjini wakati wa masomo. Wengine asubuhi wapo sekondari, wengine walikwisha maliza kidato cha nne. Sote tulikutana alasiri, Jumamosi hadi Jumatano.

Siku ya kwanza tuliwekeana masharti tukayaandika kwenye karatasi ya manila na kuibandika karibu na dirisha. Yalikuwa manne: asiyeelewa asione haya kuuliza, aliyetangulia amfundishe aliyebaki, asiyehudhuria atoe taarifa, na atakayesikia shida ya mwenziwe awaambie wenziwe wote.

Sharti la pili tulilitimiza mapema. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza tahadhari ya Kimbunga Hidaya. Wenzetu wa Msimbati walikuwa na wasiwasi juu ya baba zao wavuvi. Tulisoma dua pamoja na tukaenda nyumbani mapema. Kimbunga kilielekea upande wa Mafia, lakini mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, eneo la Somanga, na vitabu vyetu vya nahau vikakwama njiani. Darasa zima lilikuwa na nakala moja ya al-Ajurrumiyya. Tukasema tukatoe fotokopi. Ustadhi akasema fotokopi zipo, lakini mkono ukiandika, kichwa kinahifadhi. Basi mmoja akawa anasoma kwa sauti na sisi tunaandika, na aliyemaliza mstari alimsubiri mwenziwe. Vitabu vilipofika, wengi wetu hatukuvihitaji tena. Siku zile tulijiona darasa bora kuliko yote yaliyowahi kupita.

ALAMA 25 ZA VEMA

Sasa tunafika mahali ambapo tungependa kuparuka, lakini hapo ndipo somo lilipo.

Mapema Oktoba 2024, Mfungo Saba haujaanza, mwenzetu mmoja hakuonekana darasani. Alimpigia simu mmoja wetu akasema amekwenda nyumbani mara moja, kijijini, upande wa kuelekea Kilambo, na atarudi wiki inayofuata. Kila msomaji wa Mtwara anajua mwezi wa Oktoba ni mwezi gani. Mabibo yanaanguka, watu wako mashambani, na watoto wengi hukosekana madarasani. Mwaka ule, katika mnada wa kwanza wa msimu, bei ya korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Tukasema kwa kicheko, ndugu yetu kaenda kuchuma hela.

Madrasa yetu ina kanuni mbili. Mwanafunzi akikosa siku tatu mfululizo bila taarifa, Ustadhi humpigia simu mzazi au huenda nyumbani kwake. Na akikosa sana, haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Daftari la mahudhurio tulilishika sisi wenyewe kwa zamu, kila mmoja wiki yake. Aliyekuwa na zamu wiki ile alimwekea mwenzetu alama ya vema, kwa kuwa atarudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata hakurudi, na mwenye zamu naye akaweka vema, asije akamwumbua aliyetangulia. Ikawa hivyo hadi wiki ya tano. Wiki tano, mikono mitano. Wengine wote tuliona na tukanyamaza, na tuliita jambo hilo kusitiriana.

Baada ya wiki hizo tano, siku ya Jumamosi, mama yake alikuja madrasa. Alimshukuru Ustadhi kwa kumvumilia mwanawe, akaomba avumiliwe zaidi. Mumewe alianguka kutoka kwenye mnazi na akaumia nyonga. Hakuwapo mwingine wa kuokota korosho. Wenye kangomba walikuwa wakija kila siku na bakuli zao, na mama hakutaka kuwauzia. Kwa hiyo kijana akabaki shambani.

Ustadhi alifungua daftari, akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akalifunga. Mbele ya mama yule hakusema neno. Alipoondoka, aliingia darasani akaliweka daftari mezani na kusema: "Leo hakuna somo jipya. Fanyeni muhasaba." Akatoka.

TULICHOKIKUTA KATIKA HESABU

Kwanza tulihesabu alama: 25. Siku 25 ambazo mwenzetu hakuwapo, na sisi tumeshuhudia kwa maandishi kwamba alikuwapo. Katika Sura an-Nisaa (4), aya ya 135, Waislamu wameamrishwa kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi wa haki hata kama ni dhidi yao wenyewe, wazazi au jamaa zao. Kumhurumia mtu si ruhusa ya kusema uongo kwa ajili yake.

Kisha mmoja wa dada zetu akauliza swali lililotunyamazisha. Je, tungeandika ukweli, nini kingetokea? Tukafuata kanuni hatua kwa hatua. Siku ya nne Ustadhi angepiga simu na angejua habari za baba yake. Madrasa ina mfuko wa kuwasaidia wenye shida, na vijana wapo. Wiki ya pili tungekuwa shambani kwake. Ile alama ya vema tuliyodhani inamfungulia mwenzetu mlango wa mtihani ndiyo iliyomfungia mlango wa msaada. Na katika wiki tano hizo, kati yetu sote, hakuna aliyempigia simu kumwuliza: vipi hali ya nyumbani? Sharti la nne lilikuwa pale pale ukutani, karibu na dirisha.

Hapo tuliielewa kangomba. Watu wetu wanajua tofauti ya mizani na kangomba. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unapimwa, anapewa karatasi yenye uzito wake wa kweli, na mzigo unauzwa mnadani. Mwenye kangomba humfuata mtu aliye na shida, humpimia kwa bakuli na kumlipa papo hapo kidogo. Inaonekana ni msaada kwa sababu hela inaingia mkononi siku ile ile, lakini haki ya mkulima imekwenda. Wema wetu kwa mwenzetu ulikuwa wema wa kangomba. Sura al-Mutaffifin (83) inaanza kwa onyo kwa wanaopunja vipimo. Tulikuwa tumeihifadhi tangu Ibtidai, na tukidhani inawahusu wafanyabiashara tu.

ADABU NA JUHUDI

Ustadhi hakumchapa mtu. Alitufafanulia kuwa muakaba wa kweli ni kuitia nafsi gharama katika kheri, mpaka ikumbuke. Tukajipangia wenyewe mambo matatu. La kwanza, tuliandika daftari upya kwa siku zile 25, na wote watano walioshika zamu wakasimama mbele ya mkutano wa wazazi kueleza walichofanya. Sisi wengine tukasimama nyuma yao, kwa sababu kunyamaza kwetu nako kulikuwa ni sahihi. La pili, Alhamisi na Ijumaa, ambazo ni siku zetu za mapumziko, wavulana walikwenda kijijini kuokota na kuanika korosho. Ijumaa tuliswali na watu wa kijiji. La tatu, wasichana walinakili masomo yote ya wiki tano na kuyatuma kila walipopata mtu anayekwenda huko.

Siku tuliyofika shambani mara ya kwanza, tulimkuta akitenganisha korosho na mabibo. Tulimwomba msamaha na kumweleza habari za daftari. Alicheka kidogo, kisha akasema: "Nilidhani mmenisahau. Kumbe mlikuwa mnanikumbuka kila siku kwenye karatasi." Hakuna adhabu iliyotuuma kuliko maneno hayo. Lakini alitupa magunia, akatuonyesha pa kuanzia.

Korosho zao zilipimwa kwenye mizani ya chama. Yeye alirudi darasani Mfungo Tisa, Desemba 2024. Tulimfundisha kwa zamu baada ya swala ya Isha. Mtihani ulikuwa Shaaban 1446, Februari 2025. Alifaulu Qur'an, fiqhi na sira. Hakufaulu mirathi, somo lililofundishwa katika zile wiki tano, ambalo hesabu zake hazishikiki kwa kusoma daftari la mwenzio. Kwa kanuni ya madrasa hakupata shahada pamoja nasi, na anarudia mwaka.

Hatukuomba kanuni ivunjwe. Yeye mwenyewe alikataa tusiombe. Lakini katika picha ya darasa letu tulimwita akae katikati, na kila Jumatatu mmoja wetu anakwenda kumsomesha mirathi mpaka atakapofaulu, inshaallah. Ameisoma makala hii kabla ya kupelekwa kuchapwa. Ameridhia iandikwe, jina lake lisitajwe.

MAFUNZO TULIYOYAPATA

1. Masharti yaliyobandikwa ukutani hayamchungi mtu. Murakaba ni kujua kwamba Mwenyezi Mungu anakuona unaposhika kalamu.
2. Kosa la watu wengi huonekana dogo kwa sababu kila mmoja anabeba kipande chake. Hesabu yake ni moja.
3. Kumsitiri ndugu ni kuficha aibu yake. Shida yake haifichwi, hutafutiwa msaada.
4. Muhasaba hauishii kwenye kulia. Tulipoacha kujilaumu tukauliza "sasa tufanye nini," ndipo ulipoanza kutufaa.
5. Kilichoharibika hakirudi chote. Tulirudisha korosho ghalani, hatukuweza kurudisha wiki tano za mirathi.

HITIMISHO

Enyi mnaoingia Thanawi mwaka huu, daftari la mahudhurio litakuwa mikononi mwenu, na karatasi yetu ya manila tumeiacha ukutani. Mkiona nafasi ya mwenzenu iko wazi, andikeni kuwa iko wazi, kisha mwende mkamtafute. Nanyi wazazi wetu, mnapokuwa na dhiki msione haya kuijulisha madrasa mapema, maana mtoto wenu ana ndugu wengi kuliko wale mliowazaa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awalipe kheri walimu wetu, amponye mzazi wa mwenzetu, na azikubali hesabu zetu siku ambayo hakutakuwa na zamu wala mkono wa mwingine.

ZOEZI

1. Taja hatua sita za kuihesabu nafsi alizozipanga Imamu al-Ghazali, na utoe mfano wa kila moja kutoka maisha yako ya shule.
2. Kuna tofauti gani kati ya kumsitiri mtu na kumtolea ushahidi wa uongo?
3. Eleza kwa nini wanafunzi ambao hawakushika zamu ya daftari nao walihusika katika kosa.
4. Kaa na darasa lako mwandike masharti manne. Baada ya mwezi mmoja, yahesabuni.

Wabillahi tawfiq.