Unga Uwakao na Unga Usiowaka

Hapa Kigali mahindi na ngano husagwa kwa wingi, na vijana wetu wengine huajiriwa katika viwanda hivyo wamalizapo shule. Yafaa wajue kwamba unga uliotulia guniani hauwaki upesi, lakini unga uo huo ukitimka hewani ndani ya chumba, cheche moja yaweza kuulipua, kwa kuwa kila chembe imezungukwa na oksijeni. Ndivyo ilivyotukia Turin, Italia, mwaka 1785, katika ghala la mwoka mikate, palipokuwa na taa inayowaka.

Kinga yake ilianzia migodini. Vumbi la makaa ya mawe hulipuka vivyo hivyo: huko Courrières, Ufaransa, tarehe 10 Machi 1906, liliua watu 1,099. Kabla ya hapo, baada ya mlipuko wa mwaka 1886 katika mgodi wa Altofts, Uingereza, William Garforth aliona kwamba moto ulizimika palipokuwa na vumbi la mawe. Hatimaye ikawa desturi kunyunyiza unga wa mawe ya chokaa katika njia za mgodi. Upepo wa mlipuko hutangulia moto, hutimua vumbi la makaa na la chokaa pamoja. Nalo la chokaa haliwaki, bali hunywa joto hata moto ukose nguvu. Kidogo hakitoshi: sheria ya Marekani yataka sehemu zisizowaka zifike 80 katika kila 100.

Je, tutie chokaa katika unga wa ugali? Hasha! Kinuni unga usiowaka, mathalani bikaboneti ya sodiamu, hukaa mbali na chakula, ndani ya mtungi wenye hewa ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Chombo kikihisi msukumo wa hewa waanza kupanda, mtungi hufunguka na kumwaga unga wake kabla moto haujakua.

Mtambo huo ni wa gharama, nami naona usafi ndio uje kwanza. Mlipuko mdogo hutikisa boriti, vumbi lililolala juu yake huanguka, na mlipuko wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Tabaka lisilofika milimeta 1 laweza kutosha. Wala usilipulize kwa hewa ya bomba, maana utakuwa umelitimua mwenyewe. Hata mtungi wa kuzimia moto, ukielekezwa kwa nguvu juu ya lundo la unga liwakalo, waweza kulirusha hewani.