Mafunzo Niliyopata Kwenye Meza ya Usuluhishi, Migori na Homa Bay

Barabara ya kutoka Migori hadi Homa Bay, kupitia Rongo na Rodi Kopany, nimeipita mara nyingi na mafaili ya mirathi, talaka na matunzo ya watoto. Chuoni nilifundishwa kushinda kesi. Kukaa na familia iliyofarakana mpaka ielewane nilifundishwa na wateja, na mengine nilifundishwa na makosa yangu.

1. Neno lililo kwenye hati ya kiapo hukaa nyumbani muda mrefu kuliko kesi yenyewe.

Mwanzoni niliandika kwa makali. Shemeji wa mteja wangu alikuwa amekatalia shamba la marehemu, nami nikamwita mwizi. Usuluhishi chini ya mahakama ulianza kwa majaribio Milimani, Nairobi, mwaka 2016, na ulipotufikia huku, kesi hiyo ikapelekwa kwa msuluhishi. Shemeji alikuja na nakala ya hati ile, imekunjwa mara nne, neno "mwizi" limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Saa nzima hatukugusa suala la ekari. Tulizungumzia neno hilo tu. Siku hizi naandika tendo, tarehe na namba ya shamba. Jina la kumbandika mtu siliandiki.

2. Mwache mteja aseme mwenyewe.

Homa Bay nilimwakilisha mama mmoja, mikayi, yaani mke wa kwanza. Nilisema kwa niaba yake mpaka msuluhishi akaniomba kwa upole ninyamaze. Mama akaanza kwa Dholuo, taratibu. Kisha akaomba kalamu, akageuza risiti ya hospitali iliyokuwa kwenye pochi yake, akachora: hapa mstari wa mkonge, hapa zizi, hapa mwembe, hapa kaburi la mzee. Akaweka kidole juu ya kaburi. "Wakili, mwanangu, mimi nataka kuzikwa hapa. Huko chini mtoni wachukue." Mimi nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne nikidai sehemu ya chini mtoni, kwa sababu ndiyo yenye rutuba. Sikuwahi kumuuliza anataka nini. Watoto wa nyumba ya pili waliinama wote kuutazama mchoro ule, na hapo mazungumzo yakaanza kweli.

3. Kuna dakika ya kusema, nayo huja kabla ya sahihi.

Wapo wanaodhani wakili akiingia kwenye usuluhishi ni kuuharibu. Siafiki. Katika shauri jingine, upande wa Migori, wazee walipendekeza shamba likatwe katikati: nyumba mbili, nusu kwa nusu. Lilionekana jambo la haki na kila mtu alikuwa amechoka. Lakini nyumba ya kwanza ilikuwa na watoto wawili, na ya mteja wangu watoto sita. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Mirathi kinagawa kwa hesabu ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huongezwa kama fungu moja. Wajane wote wawili walikuwa hai, basi hesabu ilikuwa tatu kwa saba. Tena mabinti humo wanahesabiwa sawa na wavulana, waliolewa au hawakuolewa.

Nilimwomba mteja tutoke nje. Tukasimama kivulini, nikamweleza haki yake kwa lugha yake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema yuko tayari kupunguza kidogo ili watoto waendelee kusalimiana, ila si mpaka nusu. Walikubaliana nne kwa sita. Kujitoa kwa hiari ni haki ya mtu. Kujitoa bila kujua kilicho chako ni kudhulumiwa mbele ya wakili wako, na hilo silivumilii. Katiba yetu, ibara ya 159, inahimiza upatanisho na usuluhishi, lakini haikusema mjane apatanishwe na hasara.

4. Si kila nyumba ipelekwe mezani.

Mwanamke anayemtazama mumewe kwanza kabla ya kujibu kila swali, hayuko kwenye mazungumzo. Nikiona hivyo naomba tukae vyumba tofauti. Kukiwa na kipigo, naenda kwanza kuomba amri ya ulinzi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa kinyumbani.

5. Makubaliano yaandikwe mpaka mpima ardhi aweze kuyafuata.

Niliwahi kufurahia makubaliano yaliyosema "ndugu watagawana kwa upendo". Yalipitishwa na mahakama yakawa amri. Baada ya mwaka mmoja walirudi, kwa sababu hakuna aliyejua mpaka uko wapi wala nani anamlipa mpima. Sasa naandika namba ya shamba, ukubwa, njia ya ng'ombe kwenda majini, nani analipa nini na kabla ya tarehe gani. Kisha nasoma yote kwa sauti, kwa lugha wanayoizungumza nyumbani, ndipo wino wa kidole gumba utolewe.

6. Ada tuizungumze mapema.

Kesi ya miaka minane humlipa wakili mara nyingi, na mteja anajua hivyo. Nikimshauri asuluhishe, anastahili kujua nitalipwa kiasi gani mambo yakiisha kwa vikao vitatu.

Wewe uliyepata barua ya kuitwa kwenye usuluhishi, nenda. Yatakayosemwa humo ni siri, hayatatumiwa kama ushahidi dhidi yako kesi ikirudi kortini. Beba nakala ya hati ya shamba, barua ya chifu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na kabla ya siku hiyo mwambie wakili wako unachokitaka hasa, hata kama hajakuuliza. Usichelewe, maana muda unaotolewa kumaliza usuluhishi ni siku 60.