Ajali ya Matatu: Namna ya Kulinda Fidia Yako Tangu Siku ya Kwanza

Madai mengi ya fidia huharibika kabla hayajafika mahakamani. Huharibika wiki ile ya kwanza, majeruhi akiwa bado kitandani, kwa kuwa hakuna aliyeandika namba ya gari, risiti za dawa zimetupwa, na jina lake halimo katika kitabu cha polisi. Miaka miwili baadaye hakimu anadai ushahidi, na mlalamishi hana cha kuonyesha ila kovu lake. Kuna familia zinazouza shamba ili kutibu mguu uliovunjwa na uzembe wa dereva, ilhali gari lile lilikuwa na bima halali. Jambo hilo linaniuma kwa sababu linaweza kuzuilika. Ninayoyaeleza hapa ni ya Kenya, kwa mujibu wa sheria zake.

Anza kwa kujua haki yako inatoka wapi. Sheria ya bima ya magari, Sura 405, inalazimisha kila gari linalotumia barabara liwe na bima ya kuwalinda watu wengine: abiria wa kulipa nauli, anayetembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, aliyekuwa ndani ya gari lililogongwa. Bodaboda nayo imo. Wewe uliyelipa nauli hukuinunua bima hiyo wala pengine hujawahi kuiona, lakini ilinunuliwa kwa ajili yako. Hata hivyo hailipi eti kwa sababu umeumia tu. Inalipa pale unapothibitisha kwamba dereva alizembea, kwamba ulikuwepo, kwamba uliumia kwa kiasi fulani, na kwamba umetumia pesa fulani. Kila moja kati ya hayo manne lina karatasi yake.

Pale barabarani, kama una nguvu za kushika simu, piga picha. Kama huna, mwombe mtu aliyekuja kusaidia. Kwanza namba ya gari. Pili ile stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Isogelee hadi maandishi yasomeke, maana ndipo penye jina la kampuni ya bima, namba ya cheti na tarehe ya mwisho wa bima. Gari likishavutwa na kioo kikapasuka, stika hiyo huenda usiione tena. Tatu, magari yenyewe yalivyosimama kabla hayajasogezwa, pamoja na alama za breki. Chukua pia namba za simu za abiria wawili au watatu. Shahidi asiye ndugu yako ana uzito mkubwa mahakamani.

Dereva akikusihi mmalizane hapo hapo kwa noti mbili tatu, kataa kwa upole. Maumivu ya kichwa, shingo na mgongo mara nyingi hujitokeza kesho yake au baada ya siku kadhaa. Kama ulilipa nauli kwa M-Pesa, usifute ujumbe ule, na kama ulipewa tiketi ya sacco, ihifadhi. Kampuni za bima zimechoshwa na watu wanaojiandikisha kuwa majeruhi ilhali hawakuwemo garini, kwa hiyo swali la kwanza utakaloulizwa ni kama kweli ulikuwa abiria. Ujumbe wa nauli wenye tarehe na saa unalijibu swali hilo vizuri kuliko kiapo. Na ukiombwa na mtu umsaidie kujiingiza kwenye orodha ya majeruhi, usikubali: ni kosa la jinai, na huwachelewesha waliovunjika kweli.

Hospitalini, matibabu ya dharura ni haki yako chini ya kifungu cha 43 cha Katiba, uwe na pesa usiwe nazo. Baada ya hapo, zingatia maneno unayomwambia daktari. Mwambie ni ajali ya barabarani, siku gani, gari gani, kisha mtajie kila sehemu inayouma hata kama ni kidogo. Akiandika goti peke yake, nawe mwaka mmoja baadaye ukadai kiuno, wakili wa upande wa bima ataing'ang'ania karatasi ile ya siku ya kwanza. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Wengi wanatatizika kwa sababu hospitali iliandika jina la ubatizo na la babu, polisi wakaandika jina la kijijini, na kitambulisho kina majina mengine kabisa.

Kisha polisi. Ajali iliyojeruhi mtu lazima ifike kituoni, na usingoje dereva akuripotie. Wewe au jamaa yako aende kituo kinachosimamia eneo la ajali, ahakikishe jina lako limeandikwa kwenye kitabu cha matukio, na apewe namba ya OB. Utapewa fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha; polisi hawaiuzi. Baadaye utaomba abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa rekodi ya ajali. Isome yote ukiwa bado kituoni. Angalia namba ya gari, jina la mwenye gari, kampuni ya bima, namba ya bima, tarehe, na kama umeandikwa abiria au mtembea kwa miguu. Kosa la herufi moja kwenye namba ya gari ni rahisi kurekebishwa siku hiyo, lakini ni mzigo mkubwa baada ya miaka miwili, afisa aliyechunguza akiwa amehamishwa.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye risiti, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi bila kujua. Mahakama za Kenya hugawa fidia mafungu mawili. La kwanza ni fidia ya jumla, ya maumivu na ulemavu. Hakimu huikadiria kwa kutazama kesi za zamani zenye majeraha yanayofanana na yako. La pili ni fidia maalum, yaani pesa ulizotoa mfukoni, na hiyo haikadiriwi hata kidogo. Lazima itajwe kwa hesabu kamili kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kwa risiti. Ukitumia Sh80,000 ukawa na risiti za Sh23,000, utalipwa Sh23,000, hata kama hakimu anakuamini kwa moyo wote.

Kwa hiyo tafuta bahasha moja kubwa na umpe mtu mmoja katika familia kazi ya kuitunza. Humo ziingie risiti za hospitali, za famasia, za eksrei, za magongo, za teksi ya kwenda kliniki. Zile risiti nyembamba zinazotoka kwenye mashine za maduka hufifia. Baada ya miezi kadhaa unabaki na kipande cheupe. Zipige picha na uzitoe kopi siku ile ile. Mwenye teksi asiye na kitabu cha risiti aandike kwa mkono kiasi, tarehe, safari na jina lake, kisha atie sahihi. Ukilipa kwa M-Pesa, andika pembeni malipo yalikuwa ya nini. Kama umekosa kazi, tafuta uthibitisho wa kipato: hati ya mshahara, au kwa mama muuza mboga, daftari la mauzo na taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyotangulia ajali.

Matibabu yakitulia, wakili atakupeleka kwa daktari atakayeandika ripoti ya kina. Kama umewekewa vyuma mguuni au mkononi, muulize daktari kama vitahitaji kutolewa na gharama yake ni kiasi gani, kisha hakikisha imeandikwa kwenye ripoti na kwenye hati ya madai. Gharama ya matibabu yajayo isipodaiwa mapema, haitolewi. Watu wengi hulipwa, hutumia pesa zote, na mwaka unaofuata wanaambiwa vyuma vitolewe.

Anayeshtakiwa ni nani? Dereva aliyezembea na mwenye gari. Jina la mwenye gari aliyesajiliwa hupatikana kwa kutafuta rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, kupitia eCitizen kwa ada ndogo, na nakala ya rekodi hiyo hutolewa mahakamani kama ushahidi. Kampuni ya bima huingia nyuma yao: ukishinda, Sura 405 inaibana ilipe hukumu, mradi ilipewa notisi ya kesi ndani ya muda uliowekwa. Muulize wakili wako, “Notisi ya bima imepelekwa? Nipe nakala iliyogongwa muhuri.” Usione haya kuuliza hivyo.

Utasikia visingizio. Utaambiwa mwenye gari hakuripoti ajali kwa kampuni, au matatu ilikuwa imejaza kupita kiasi, au gari lilikuwa bovu. Sheria hiyo hiyo imebatilisha masharti ya namna hiyo dhidi ya mtu aliyeumia. Kampuni inaweza kumdai mteja wake baadaye. Hayo ni yao wawili. Kuna jambo moja la kweli litakalokubana, nalo ni kwamba bima hailipi zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, salio linamhusu mwenye gari. Makosa yako pia hupunguza fidia: ukipanda bodaboda bila helmeti au ukakaa bila kufunga mkanda uliokuwepo, hakimu anaweza kukutwika sehemu ya lawama.

Sasa wakili. Atakayekujia wa kwanza wodini huenda si wakili, ni broka. Anajua jina lako kabla hujamwambia, ana fomu tayari, na anaahidi kiasi. Usitie sahihi chochote ukiwa umelewa dawa za maumivu, iwe ni kwa broka au kwa mchunguzi wa bima anayetaka uandikishe taarifa. Mwite ndugu asome kwanza. Ukichagua wakili, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya (LSK) uone kama ana cheti cha mwaka huu. Fahamu pia kwamba Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inabatilisha mkataba wa kulipwa pale tu kesi itakaposhinda. Yale mapatano ya “tukishinda nichukue nusu” hayana nguvu. Ada iandikwe mapema kwenye karatasi yenye sahihi zenu wote.

Kesi nyingi huishia kwenye maelewano na bima, na maelewano si mabaya. Ila kabla ya kukubali, jiulize kama matibabu yamekwisha, na umwombe wakili akuonyeshe hukumu mbili tatu za majeraha kama yako. Zimo kwenye tovuti ya Kenya Law, na mtu yeyote anazisoma bure. Hati ya kumaliza madai utakayotia sahihi ina maana kwamba hutadai tena hata senti, kwa hiyo isiwe tupu, kiasi kiwe kimeandikwa, na ubaki na nakala. Nakala hiyo ndiyo itakayokusaidia pesa zikikwama. Bima huwa inamlipa wakili, naye akulipe wewe. Akikuzungusha ilhali bima imeshamlipa, peleka malalamiko kwenye Tume ya Malalamishi ya Mawakili. Kampuni ya bima yenyewe ikikataa kulipa kile ilichokwisha kukubali, pa kulalamika ni Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA).

Kama uliumia ukiwa kazini, au ndani ya gari la mwajiri linalowabeba wafanyakazi bure, njia ni nyingine. Madai dhidi ya mwajiri hufuata Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, inayojulikana kama WIBA, na huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mwajiri anatakiwa kuripoti ndani ya siku 7, na wewe udai ndani ya miezi 12. Asiporipoti, nenda mwenyewe.

Fidia ya aliyefariki hudaiwa na waliomtegemea: mume au mke, watoto, wazazi. Kwa madai ya mali yake, familia huhitaji kwanza kibali cha mahakama cha kumwakilisha marehemu. Mtoto aliyeumia hudai kupitia mzazi au mlezi, na muda wake wa kushtaki hauanzi kuhesabiwa hadi atimize miaka 18. Lakini kungoja hakufai, kwa maana mashahidi huhama na mafaili hupotea.

Kwa mtu mzima, muda ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali, ni miezi 12 tu. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo, hata kama wanakupigia simu kila wiki na kukuahidi malipo mwezi ujao. Ikiwa ajali yako ni ya mwaka jana au juzi na bado hujafungua kesi, nenda kituoni wiki hii uchukue abstrakti, kisha umwone wakili ukiwa na bahasha yako mkononi.