Kiuno na Kazi ya Shamba: Mambo Matatu ya Kujifunza kutoka Mbulu na Hanang



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mkarafuu: miche yake, palizi, uanikaji na bei. Safari hii twaandika juu ya kitu kingine ambacho bila ya hicho mkarafuu haupaliliwi wala hauchumwi, nacho ni kiuno cha mkulima. Kila msimu unapokaribia twasikia maneno haya: "Mwaka huu sipandi, kiuno hakinipi." Mwenye kusema hivyo aghalabu si mzee. Ni mtu wa makamo, ana watoto shuleni, na mikarafuu yake imezaa vizuri. Basi huikodisha kwa bei ya chini, au karafuu hupitiliza juu ya mti, na mwenyewe yuko kitandani akingoja maumivu yaondoke.

Somo letu kwa maneno machache ni hili: kiuno kilichouma kwa muda mrefu hakitengenei kwa kulazwa. Hutengenea kwa kutumiwa kwa mpango na kwa kutiwa nguvu.

KIUNO KIMEJENGWAJE

Sehemu ya chini ya mgongo ina pingili tano kubwa, na kati ya pingili na pingili pana kitakia cha gegedu kinachozuia mifupa isigongane. Pingili hizi hazisimami peke yake. Mfano wake ni mlingoti wa jahazi: ungawa mti ni mnene, usiposhikiliwa na kamba za kila upande huyumba, na upepo ukizidi huvunjika. Kamba za kiuno ni misuli ya tumbo, ya mbavuni, ya mgongo na ya matako. Kamba hizo zikilegea, mzigo wote huangukia mlingoti.

Maumivu yakipita miezi mitatu huitwa sugu. Kwa watu walio wengi hapana mfupa uliovunjika wala maradhi makubwa ndani yake. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa wakiumwa na kiuno. Kwa hivyo mwenye kuumwa asidhani amepatwa na balaa la peke yake, wala asikate tamaa.

KWA NINI MBULU NA HANANG

Huenda mwanachama akauliza: wilaya hizo ziko bara, katika Mkoa wa Manyara uliokatwa kutoka Arusha mwaka 2002; sisi wa visiwani zatuhusu nini? Ni kweli kwamba ile si nchi ya karafuu. Ni nchi ya baridi na miinuko, ya mahindi, maharage, vitunguu saumu na ng'ombe, na Mlima Hanang wenyewe umepita meta 3,400. Lakini huko wanaishi jirani jirani watu wa kabila mbalimbali, na kila mmoja hutumia mwili wake kwa njia yake. Hatusemi kwamba wao hawaumwi na viuno. Twasema tu kwamba kazi zao tatu, yaani kupumzika, kulima na kuchunga, zatufaa kama vioo vya kujitazamia.

1. Kupumzika: Wahadzabe wa Yaeda

Katika bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, wako Wahadzabe, ambao baadhi yao mpaka leo huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2020 mtaalamu wa Marekani David Raichlen na wenzake walitangaza uchunguzi waliofanya juu ya Wahadzabe kwa kuwafunga vipimo vidogo mapajani. Wakakuta kwamba watu hawa wanaosifiwa kwa wepesi nao hupumzika karibu muda wa saa 10 kila siku, mbali ya usingizi, kiasi kile kile cha watu wa nchi zenye viwanda. Tafauti iko katika namna ya kupumzika. Wao hawaegemei kitini; huchutama, hupiga magoti, hukaa chini, kisha hugeuka tena. Na katika kuchutama misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo kidogo.

Uchunguzi ule haukupima kiuno, basi tusiutwishe zaidi ya ulichobeba. Lakini watukumbusha jambo ambalo waganga wa viungo wanalikubali leo: hapana mkao mmoja ulio mzuri kwa kutwa nzima. Mkao wo wote ukiurefusha hugeuka adhabu, hata ule wa kunyooka kama askari.

Tuwatazame akina mama zetu wakati wa kuchambua karafuu. Hukaa jamvini, miguu imenyooshwa mbele, mgongo umepinda, tangu baada ya Isha mpaka usiku mkubwa. Hapo ndipo kiuno kinapoharibika, wala hapana gunia lililobebwa. Shauri letu ni jepesi. Kaa juu ya kigoda ili nyonga zipande juu ya magoti, au egemea ukuta. Na kila pishi moja ikijaa, inuka, tembea hatua ishirini, kisha rudi ukae kwa namna nyingine.

2. Kulima: Wairaqw wa miinuko ya Mbulu

Wairaqw wamesifika tangu zamani kwa kulima miteremko ya milima kwa bidii na kwa ustadi. Mwenye kulima kwa jembe la mkono, awe Mbulu au Wete, ana jaribu moja: kuinama kwa kukunja mgongo huku magoti yamekakamaa. Akikaa hivyo kwa muda mrefu, kano zinazoshika pingili hunyooka na kulegea, na misuli huchoka. Kisha huinuka ghafula na jiwe au kisiki mkononi, na hapo husema kiuno "kimekatika."

Dawa yake ni kuinama kwenye nyonga, si kwenye kiuno. Sisi tuliosoma chuoni twaijua namna hii tangu utoto, maana ndiyo rukuu iliyo sawa: mikono magotini, mgongo umenyooka kama ubao. Mkulima na aongeze kulegeza magoti kidogo na kutanguliza mguu mmoja. Mpini wa jembe uwe mrefu wa kukutosha, na mkono wa mbele ubadilishwe mara kwa mara. Kila nusu saa simama, shika kiuno kwa mikono miwili, jivute nyuma taratibu mara tano.

Wairaqw wana desturi ya kualikana shambani, na sisi pia twaijua kazi ya kusaidiana. Penye watu wengi ni rahisi kupatana: mmoja apige ukelele, wote wasimame. Peke yake mtu hujiona mvivu akipumzika, na hivyo hujiumiza.

Juu ya gunia twasema haya. Likiwa zito, libebwe na watu wawili, au ligawanywe mawili. Lisogeze karibu na tumbo kabla ya kuliinua. Inuka kwa nguvu za miguu. Na unapotaka kugeuka, geuza nyayo. Usisokote kiuno na mzigo mikononi. Kadhalika, asubuhi mapema vitakia vya mgongo huwa vimejaa maji kwa ajili ya kulala, na kuinama huvikaza zaidi. Mwenye kuumwa na aanze siku kwa kutembea na kazi ya kusimama, na jembe alichukue saa moja baada ya kuamka.

3. Kutembea: Wabarabaig wa Hanang

Wabarabaig ni wafugaji, na kazi ya mfugaji ni miguu. Fimbo mkononi, huwafuata ng'ombe kwenye malisho na maji, mwendo wa siku baada ya siku. Kutembea twakudharau kwa kuwa ni bure, na leo hata safari ya dukani watu hutaka bodaboda. Lakini mwaka 2024 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Australia kwa watu 701 waliokuwa wamepata nafuu ya kiuno karibuni. Baadhi yao walifundishwa kutembea kwa mpango, wakiongeza muda polepole mpaka kufikia nusu saa, mara tano kwa juma. Hao walikaa siku 208 kwa wastani kabla ya maumivu kurudi. Wenzao wasiofundishwa walikaa siku 112.

Basi anza na dakika kumi, kwa mwendo wa mtu anayewahi sala, si wa mtu anayetembeza macho. Kila juma ongeza dakika tano. Maumivu madogo njiani si dalili ya kuharibika. Yakizidi sana, punguza mwendo, usiache.

MAZOEZI YA KUKAZA KAMBA

Tandika mkeka, vaa nguo isiyobana. Mazoezi haya hufanywa kila siku kwa muda wa robo saa. Pumua, usizuie pumzi.

Zoezi la kwanza, daraja. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Kaza tumbo na matako, inua nyonga mpaka mwili uwe mstari mmoja kutoka mabegani hadi magotini. Hesabu mpaka kumi, shuka taratibu. Mara tano.

Zoezi la pili, mkono na mguu. Piga magoti na viganja chini, mgongo sawa kama meza. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, bila ya kuacha kiuno kiyumbe. Kama ungewekewa kikombe cha chai mgongoni, kisimwagike. Hesabu mpaka kumi, badilisha. Mara tano kila upande.

Zoezi la tatu, ubavu. Lala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, egemea kiwiko. Inua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka begani hadi gotini. Hesabu mpaka kumi. Mara tatu kila upande.

Zoezi la nne, kusimama na kukaa. Kaa juu ya kiti, inuka bila ya kushika kitu, kisha rudi ukae taratibu, mgongo umenyooka. Mara kumi.

Usitarajie ajabu kwa siku tatu. Jihukumu baada ya majuma sita au manane.

YASIYOFAA

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu sugu ya kiuno. Limesifu mafundisho na mazoezi, likakubali kukanda, na likashauri wagonjwa kwa kawaida wasipewe mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Mwanachama mwenye fedha kidogo na azingatie hayo kabla ya kununua mkanda gulioni. Kulala siku moja au mbili maumivu yakiwa makali si kosa. Kulala majuma ni kulegeza kamba zote za mlingoti.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Usifanye mazoezi, nenda kwa daktari, ukiona moja katika haya: umeanguka kutoka juu ya mti, mkojo au choo kinakutoka bila ya kujua, au mkojo umefunga, ganzi sehemu za siri na baina ya mapaja, mguu unapoteza nguvu, homa, kukonda, au maumivu yasiyokuacha usiku. Kifua kikuu huweza kuingia hata katika uti wa mgongo. Na wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, kama ilivyo kwa baadhi ya wafugaji, huweza kupata bruselosi, ambayo huleta homa pamoja na maumivu ya mgongo.  Sisi tuna hospitali Wete, Chake Chake, Mkoani na mjini Unguja. Aliyeanguka mtini asibebwe mgongoni wala asikalishwe: alazwe juu ya ubao na asigeuzwegeuzwe shingo.

Tunawaomba wakuu wa matawi wasome somo hili katika mkutano ujao, na waonyeshe mazoezi manne kwa vitendo, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Bado kuna nafasi kabla ya msimu. Kama tunavyopalilia mapema ili njia ya mtini iwe safi, vivyo hivyo na viuno tuvitayarishe mapema, ili mwenye mikarafuu aichume mwenyewe na faida yake aishike mwenyewe.

Katibu