Mmoja kwa Wengi: Hesabu za Karo Katika Kompyuta

Yafaa tujue kwamba kompyuta yaweza kujumlisha sawasawa na huku ikatoa jawabu la uwongo. Si kwamba imeharibika. Imetii tu ilivyoagizwa.

Habari za shule hutunzwa katika majedwali. Mpango huu ulielezwa na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1970. Jedwali la kwanza lina wanafunzi, kila mmoja na namba yake. La pili lina malipo ya karo. La tatu lina vitabu vilivyoazimwa maktabani. Mwanafunzi mmoja aweza kuwa na malipo mengi, na vitabu vingi pia. Huo ndio uhusiano wa mmoja kwa wengi. (Uko pia wa mmoja kwa mmoja, ambao hauna taabu.)

Natuseme karo ya mwaka ni shilingi 50,000, na mwanafunzi namba 12 amelipiwa mara tatu: 15,000, tena 15,000, kisha 10,000. Jumla ni 40,000. Naye ameazima vitabu viwili. Mhasibu ataka taarifa moja yenye karo na vitabu, basi majedwali yote matatu yaunganishwa kwa namba ya mwanafunzi. Lakini hakuna kinachoonyesha malipo gani yaende na kitabu gani. Kwa hiyo kila malipo huwekwa kando ya kila kitabu. Tatu mara mbili, mistari sita. Jumla yasoma 80,000! Mzazi anayedaiwa 10,000 aonekana amezidisha.

Namba 13 naye amelipiwa 40,000, lakini hakuazima kitabu. Katika muungano wa kawaida mstari usio na mwenziwe huachwa, basi mwanafunzi huyu atoweka kabisa, na mzazi wake huenda akaitwa shuleni kana kwamba hakulipa hata senti. Tena tazameni ajabu hii: jumla ya hao wawili katika taarifa ni 80,000, sawa kabisa na fedha zilizopokelewa. Mkaguzi atakayetazama mstari wa mwisho peke yake hataona kosa lolote.

Wengine huiamuru kompyuta ihesabu mara moja tu kila kiasi kinachofanana. Dawa hii mimi naiona mbaya kuliko ugonjwa, kwa kuwa zile 15,000 mbili, ambazo zote zililipwa, zitahesabiwa kama moja, na namba 12 atabaki na 25,000.

Njia iliyo sawa ni kujumlisha kwanza, kuunganisha baadaye. Malipo yajumlishwe peke yake, mstari mmoja kwa kila mwanafunzi; vitabu vihesabiwe vivyo hivyo. Hapo uhusiano umekuwa wa mmoja kwa mmoja. Kisha tuanze na jedwali la wanafunzi, tukiagiza kila namba ibaki hata ikikosa mwenzi, na asiye na kitabu aandikiwe sifuri. Mistari ya taarifa ikiwa sawa na idadi ya wanafunzi, hakuna aliyezidishwa wala aliyeachwa. Namba 12 atasoma 40,000, vitabu 2. Namba 13 atasoma 40,000, vitabu 0. Na kila mmoja wao adaiwa 10,000.